Namna ya kuweka wakfu wa familia Zanzibar, kuanzia umiliki wa mali hadi uchaguzi wa msimamizi

Babu akifa na akaacha watoto wa kiume walio hai, mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa hapati kitu katika mirathi, kwani ami zake wamemzuia. Faraidhi, yaani hesabu ya mirathi ya Kiislamu, ndivyo ilivyo, na haina kosa. Aliyekosa ni babu ambaye alikuwa hai, mzima, anaiona hali ya wajukuu wake, sheria ikampa zaidi ya njia moja ya kuwasaidia, asitumie hata moja. Yuko pia mtoto mwenye ulemavu anayerithi fungu lake kamili kisha ndugu wakaliuza "kwa niaba yake". Yuko binti aliyerudi kwao baada ya talaka akakuta nyumba ya wazee iko sokoni, inauzwa wagawane.

Hapa tunaeleza njia iliyo nzito kuliko zote, wakfu wa familia. Uzito wake ni huu: ukishauweka, haurudi. Mali inatoka katika milki yako siku hiyo hiyo, haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Asili yake ni ardhi ya Sayyidna Umar ya Khaybar, iliyotajwa katika Sahihi za Bukhari na Muslim, ambapo Mtume (SAW) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe matunda yake. Na katika wale waliotajwa kula matunda hayo, jamaa wa karibu walikuwamo. Kwa hiyo wakfu kwa ajili ya watoto si ujanja wa kukimbia mirathi. Una msingi wake, mradi uwekwe kwa haki.

Hakikisha kwanza kuwa ni wakfu unaouhitaji

Hiba inamfaa anayetaka mtu fulani apewe kitu fulani sasa, kiwe chake, akiuze akitaka. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Unguja na Pemba, hiba haikamiliki mpaka kitu kikabidhiwe. Baba anayeandika "nimempa mwanangu nyumba" kisha akabaki na ufunguo, akaendelea kupokea kodi mpaka akafa, ameacha karatasi na kesi. Na ukiwapa watoto hiba, wape kwa usawa. Hadithi ya Nu'man bin Bashir, ambaye Mtume (SAW) alimkatalia baba yake kumpa yeye peke yake, iko wazi.

Wasiya unafanya kazi baada ya kufa, na unaweza kuubadilisha wakati wowote ungali hai. Mipaka yake ni miwili: usizidi theluthi ya mali baada ya kulipa madeni, na usiende kwa mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Kwa mjukuu aliyezuiwa na ami zake, wasiya wa theluthi ni dawa nyepesi na ya kutosha. Ikiwa hilo tu ndilo linalokusumbua, ishia hapo. Huna haja ya wakfu.

Wakfu unahitajika pale unapotaka mali yenyewe ibaki nzima na iendelee kulisha watu kwa vizazi: nyumba yenye milango ya maduka chini, shamba la mikarafuu, uga wenye vibanda vya kukodi. Unamfaa khasa mtu asiyeweza kuisimamia mali mwenyewe, kwa sababu anapata mapato bila ya kushika hati, na hakuna wa kumrubuni atie sahihi ya kuuza.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui. Unaweza kusema "nikifa, nyumba yangu fulani ni wakfu kwa watu fulani". Tamko hilo linachukua hukumu ya wasiya: unaweza kulirudi ungali hai, na haliwezi kupita theluthi. Kwa anayetaka wakfu lakini hana uhakika na maisha yake ya mbele, tunapendelea njia hii kuliko kuweka wakfu wa papo hapo kwa wasiwasi.

Asiyekuwa Muislamu, au mwenye fedha taslimu tu (Shafi hawajuzishi wakfu wa fedha, kwa sababu fedha haitumiki ila kwa kuitoa), aende kwa wakili aandikiwe hati ya amana. Mali inakabidhiwa wadhamini waishike kwa ajili ya wanufaika, na mwenyewe anaweza kujiwekea haki ya kuibadilisha au kuifuta. Jambo moja tu la kuliangalia hapo: hati ya amana ambayo mali haikuhamishwa kwenye majina ya wadhamini ni karatasi tupu. Nyumba ibadilishwe jina, akaunti ifunguliwe kwa jina la amana.

Mali inayokubali na isiyokubali

Masharti ya mali ni mepesi kuyataja, magumu kuyatimiza hapa kwetu. Iwe yako, ijulikane, iwe na manufaa yanayoendelea huku yenyewe ikibaki, na isiwe rahani.

"Iwe yako" ndipo wengi wanapokwama. Nyumba ya marehemu babu ambayo haijagawanywa si yako, hata kama umeikaa miaka thelathini na kuiezeka mara tatu. Una fungu lako tu. Fungu hilo lisilogawanywa linaweza kuwekwa wakfu kwa fiqhi ya Shafi, lakini kiutendaji ni balaa: wenzako wakitaka kuuza, wakfu wako umo ndani ya chumba gani? Maliza mirathi kwanza, kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au kwa Mahakama ya Kadhi, kila mtu ajue chake, ndipo uweke.

Ardhi nayo ina hesabu yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ni ya Serikali, na mwananchi, chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ana haki ya kuitumia. Unachokiweka wakfu kwa hivyo ni haki yako ya matumizi pamoja na kilichomo: jengo, kisima, miti. Miti kwetu inaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Kwa hiyo chunguza unamiliki kipi kabla hujasema "shamba langu". Zile eka tatu za mgao wa Serikali zina masharti yake mahususi, na mwenye nazo hana uhuru wa kuzihaulisha kama apendavyo. Usiandike chochote juu yake kabla hujakwenda na karatasi ya mgao kwenye idara ya ardhi ukapata jibu la maandishi.

Na usiweke wakfu nyumba unayoishi ukidhani utaendelea kuishi humo kama mnufaika. Kwa kauli yenye nguvu ya Shafi, wakfu wa mtu kwa nafsi yake haufai. Bakisha nje ya wakfu kitakachokutosha wewe kwa uzee wako na maradhi yako. Mzee aliyetoa kila kitu kisha akawa anaomba nauli kwa watoto ndiye anayeingia mahakamani kutaka wakfu ubatilishwe, na hapo familia nzima inavunjika.

Jambo la wakati nalo lisisahaulike. Wakfu uliowekwa katika maradhi ya mauti unahesabiwa kama wasiya: theluthi tu, na kwa mrithi unahitaji ridhaa ya wenzake. Fanya ukiwa mzima.

Karatasi za kukusanya

Hati ya haki ya matumizi ya ardhi au hati ya kununulia. Ramani ya upimaji. Kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na wajukuu utakaowataja, cheti cha ndoa, na cheti cha kifo cha mwana aliyetangulia, vyote kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Na barua ya sheha wa shehia ilipo mali, anayethibitisha kuwa mali inajulikana ni yako na haina mgogoro.

Ramani ya upimaji tunaitilia mkazo. Hati za zamani zinataja mipaka hivi: kaskazini shamba la fulani, kusini njia, mashariki mwembe mkubwa, magharibi fulani bin fulani. Yule fulani amekufa, shamba lake limeuzwa mara mbili, mwembe umeanguka na njia imehamia upande wa pili. Wakfu wenye mipaka ya aina hiyo huliwa kidogo kidogo, hatua tano mwaka huu, hatua tano mwaka wa kesho, na msimamizi hana cha kuonyesha. Mlete mpimaji, mawe yafukiwe, namba za pointi ziandikwe ndani ya hati ya wakfu yenyewe.

Ukiweka shamba, hesabu miti na uandike: mikarafuu mingapi inayozaa, michanga mingapi, minazi mingapi. Ongeza sentensi hii: "na kila mti utakaopandwa humo kwa mapato ya wakfu ni wakfu vile vile." Bila ya hiyo, baada ya miaka arubaini mikarafuu ya asili itakuwa imekufa, na aliyepanda mipya atasema ni yake.

Maneno ya hati

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu katika wakfu neno moja linahamisha mapato kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwengine kwa karne nzima.

"Watoto wangu na watoto wa watoto wangu" ina maana wote wanakula pamoja, mtoto na mjukuu sawa sawa. "Watoto wangu *kisha* watoto wao" ina maana mjukuu hapati kitu mpaka kizazi chote cha watoto kimalizike. Tazama matokeo yake: mwanao mmoja akifa kijana, wanawe wataangalia mapato yakienda kwa ami na shangazi zao mpaka wa mwisho wao afe. Yaani umelirudisha lile lile tatizo la mirathi ulilotaka kulitibu. Ukitumia "kisha", lazima useme fungu la aliyekufa linashukia kwa wanawe papo hapo.

Neno "watoto" peke yake, kwa kauli sahihi, haliingizi wajukuu. Neno "dhuria" linawaingiza wote, hata watoto wa binti. Ukisema "wanaonasibishwa kwangu", watoto wa binti zako wametoka. Mwanamume na mwanamke ni sawa katika wakfu ila ukieleza vingine. Wako wanaotumia wakfu ili binti zao wasipate kitu. Tunasema wazi kuwa ni dhulma, inakata undugu, na inaweza kuupeleka wakfu mbele ya kadhi.

Mfano wa kiini cha hati, utakaoupeleka kwa wakili au Kamisheni waukamilishe:

"Mimi …, nikiwa na akili timamu na afya njema, kwa hiari yangu, ninaiweka wakfu kuanzia leo nyumba yangu iliyopo …, yenye hati nambari …, kwa mke wangu … muda wa uhai wake, na kwa watoto wangu wote, wa kiume na wa kike kwa usawa, kisha kwa watoto wao, kizazi baada ya kizazi. Watoto wa marehemu mwanangu … watasimama mahali pa baba yao. Yeyote atakayekufa akaacha watoto, fungu lake litakwenda kwa watoto wake hapo hapo, bila ya kungoja walio daraja yake wamalizike. Asiyeacha mtoto, fungu lake litarudi kwa wenzake wa daraja yake. Dhuria yangu ikimalizika yote, mapato yatakuwa ya mafakiri wa Kiislamu wa shehia ya …. Nyumba hii haiuzwi, haitolewi hiba, hairithiwi."

Usiifute ile sentensi ya mafakiri kwa kuiona ya mbali. Wakfu unatakiwa uwe na mwisho usiokatika. Na historia ya mwambao wetu ina funzo lake: mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi ya wakfu wa familia kutoka Mombasa ilifika Baraza la Privy mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, na majaji wakauangusha wakfu huo kwa kuwa fungu la kheri lilikuwa la mbali mno kiasi cha kutokuwa na maana. Fiqhi haikusema hivyo, lakini familia ilipoteza. Ukiweza, toa sehemu ndogo kwa kheri tangu mwaka wa kwanza, kama vile mafuta ya msikiti au ada za yatima wa skuli ya jirani. Thawabu inaanza mapema, na hati inakuwa na nguvu zaidi.

Msimamizi na fedha

Hati isipotaja msimamizi, usimamizi unakuwa wa kadhi, na kwa hapa kwetu Kamisheni itauchukua. Si vibaya, lakini kama una mtu, mtaje. Unaweza kuwa msimamizi mwenyewe maisha yako yote: milki imetoka kwako, usimamizi umebaki. Kisha mtaje wa pili, na wa tatu, na namna ya kumpata wa baadaye, mfano "atakayechaguliwa na wanufaika watu wazima walio wengi, akathibitishwa na Kamisheni". Mtoto mkubwa wa kiume si lazima awe ndiye. Mtafute anayeandika mahesabu, anayeishi karibu na mali, na asiye na deni kwa wapangaji. Binti mwenye sifa hizo ni bora kuliko kaka aliyeko ughaibuni.

Matengenezo yanatangulia mgao, hata hati isiposema. Weka kiwango ili pasiwe na mabishano. Chukua nyumba inayoleta Sh 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Robo, 1,800,000, inakwenda akiba ya matengenezo. Zinabaki 5,400,000. Ujira wa msimamizi asilimia 10 ya kilichobaki ni 540,000. Za kugawa ni 4,860,000. Kama wako mke, watoto watatu walio hai na fungu la mwana marehemu, ni mafungu matano ya 972,000. Kama marehemu aliacha watoto wawili, wanapata 486,000 kila mmoja. Hesabu hii iandikwe kila mwaka katika karatasi moja, isomwe mbele ya wanufaika, itiwe sahihi. Kodi ya wapangaji ipite benki, katika akaunti ya wakfu, si simu ya msimamizi.

Robo si nyingi kwa nyumba ya Mji Mkongwe. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Fundi wa haraka atakupigia lipu ya saruji. Saruji inafungia unyevu ndani, chokaa inalainika, ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza pasipoonekana mpaka sakafu inapoanza kulegea. Lipu ya chokaa ni ghali zaidi na inataka subira, lakini ndiyo inayoubakisha wakfu. Mfereji wa maji ya mvua juu ya paa usafishwe kabla ya kila masika. Nyumba nyingi zinaanza kufa kutokea hapo. Kabla ya kugusa chochote, pata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwani eneo zima liko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000.

Kwa shamba la karafuu Pemba usigawe kwa mwaka mmoja mmoja. Mkarafuu una mwaka wa neema na miaka ya mbao tupu. Mwaka mzuri, toa kwanza ujira wa wachumaji wanaolipwa kwa pishi, gharama za kuchambua makonyo na kuanika majamvini, palizi, na miche ya kujazia. Kisha bakisha nusu ya kilichobaki kwa miaka mibaya ijayo. Familia zilizokula mavuno yote ndizo zinazokata matawi na kuuza kuni msimu ukikosa.

Weka ukomo wa kukodisha: mkataba usizidi miaka mitatu, na usitolewe kwa ndugu kwa bei ya kindugu. Wakfu mwingi hapa visiwani umekufa ukiwa na hati safi kabisa, kwa sababu mpangaji wa miaka mingi alibaki na kodi ya enzi zile, hata ya kununulia boriti moja haikutosha. Ongeza pia kifungu cha fidia: ikipita barabara na Serikali ikalipa, fedha hizo zitanunua mali nyingine itakayokuwa wakfu kwa masharti yale yale. Bila ya kifungu hicho wanufaika watataka wagawane, na wakfu utakuwa umekwisha kwa siku moja.

Kuandikisha

Tamko lako mbele ya mashahidi wawili waadilifu linatosha kwa sheria ya dini. Ila linakufa pamoja na mashahidi. Andikisha. Mashahidi wasiwe wanufaika. Peleka hati Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, yenye ofisi Unguja na Pemba na inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2007, ikaandikishwe katika daftari lao. Wao watakagua umiliki, na wakikuta dosari ni kheri waikute sasa ungali hai wa kujibu. Kwa vile haki ya ardhi inatoka mkononi mwako, ulizia mapema kibali cha Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, na hakikisha rejesta ya ardhi inabadilishwa kusomeka kuwa ni mali ya wakfu, pamoja na jina la msimamizi. Hatua hii ya rejesta ndiyo inayorukwa sana. Miaka kumi baadaye mtoto mmoja anatoa nakala ya hati ya zamani yenye jina la baba, mnunuzi anaiamini, na wakfu unaingia kesini.

Tengeneza hati asili nne: ya Kamisheni, ya msimamizi, ya mnufaika mmoja aliye mbali na msimamizi, na ya wakili. Kibandike kibao ukutani, au jiwe kwenye mpaka wa shamba, lenye neno WAKFU na nambari ya daftari.

Kisha waite watoto wote uwasomee hati neno kwa neno, hata yule mnayetofautiana naye. Wakiuliza kwa nini fulani amewekwa pale, jibu wakati huo, na katibu aandike majibu yako na tarehe. Karatasi hiyo iambatanishwe na nakala ya msimamizi. Kadhi atakapoulizwa ulikusudia nini, ataanzia hapo.